Kitambaa Juu ya Maikrowevu ya Mwalimu

Niliacha kazi mwezi uliopita kwa sababu ya mikono. Baadhi yenu, mafundi wangu, mlidhani ni umri, na mmoja akaniuliza kwa adabu kama nimepata kazi ya serikali. Sijapata. Mikono yangu inatetemeka, na fundi wa maikrowevu mwenye mikono inayotetemeka hapaswi kulegeza hata skrubu ya kwanza. Naandika haya ili mjue kutetemeka huko kulianzia wapi, na mjue kilichomo kwenye droo ya tatu kabla hamjakitupa.

Niliingia karakana ya Mzee Situma hapa Kitale nikiwa na kazi moja tu, kupokea vitu kaunta na kuvibandika vibandiko vya majina. Nilikuwa nikikaa mtaa wa Tuwan, nimeacha shule kidato cha pili, na sikujua tofauti ya waya wa moto na waya wa ardhi. Siku ya kwanza Mzee Situma aliweka mezani maikrowevu iliyochomolewa tangu jana yake, akafungua kifuniko, akaniambia nisimame nyuma ya stuli. Kisha akagusisha bisibisi kwenye vichwa viwili vya kapasita, kile kikopo cha bati kinachohifadhi umeme. Kililia kama risasi. Niliona cheche ya buluu, na bisibisi ikabaki na kidonda cheusi kwenye ncha. Kwa muda mfupi nilidhani mzee amekufa.

"Hii ilichomolewa jana," akasema. "Ikikushika haikuulizi ilichomolewa lini."

Alifanya hivyo kunitisha. Kazini mwenyewe alimwaga umeme polepole, kwa resista, kipande kinachozuia umeme usitoke kwa kishindo, kilichofungwa kwenye kijiti cha plastiki, kama ninavyowafundisha. Kapasita nyingi zina kitu kidogo ndani kinachomwaga umeme chenyewe, lakini kikifa hakipigi kelele, kwa hiyo kila kapasita uione kama imejaa. Na alinipa kanuni ya mkono mmoja. Mkono wa kulia ufanye kazi, wa kushoto ukae mfukoni, ili umeme usipate njia ya kuingia upande huu na kutokea upande ule kupitia moyo. Sketi yangu haikuwa na mfuko. Jioni hiyo nilishona mifuko kwenye aproni mbili, upande wa kushoto. Kwa miaka mingi wateja walinidhania mwanamke wa maringo, nikizungumza nao mkono ukiwa mfukoni.

Nilijifunza umeme kutoka ile karatasi yenye mchoro iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha kila maikrowevu. Watengenezaji waliibandika kwa ajili ya fundi, na mafundi wengi hawajawahi kuisoma. Niliinakili kwenye daftari la mistari, aina moja baada ya nyingine, nikatafuta kila neno nisilolijua. Ilinichukua miaka miwili kabla Mzee Situma hajaniruhusu kushika bisibisi mbele ya mteja. Hata hapo watu waliingia, wakaniona, wakauliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nawaambia anakuja, nikiendelea kufungua skrubu.

Kanuni yake nyingine haikuhusu umeme. Nyumbani kwetu huku, kitu kilichonunuliwa kwa jasho huvishwa. Kochi lina kitambaa, televisheni ina kitambaa, redio, friji, na maikrowevu pia, vitambaa vyote vimefumwa kwa uzi na mikono ya mwenye nyumba au ya mkaza mwana wake. Mzee Situma alisema hivi: ondoa kitambaa kabla ya kugusa chochote, kikunje, kiweke mahali safi, na ukimaliza kirudishe kilivyokuwa, pembe moja ikining'inia mbele katikati. Mteja haijui kapasita. Anakijua kitambaa chake. Fundi asiyekirudisha ataonekana hakumaliza kazi, na ikiharibika tena mwezi ujao ni yeye atakayelaumiwa. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka vidole vikawa vinafanya vyenyewe, bila kuniuliza.

Kwa maikrowevu ya kupasha tu, yenye matundu ya hewa ubavuni, kitambaa chepesi ni kosa dogo. Kwa ile yenye grili, waya wa kuchomea nyama, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu grili iko darini na bati la juu hupata moto wa kukaushia mahindi. Hilo nilikuwa nalijua. Nawaomba mnaposoma mkumbuke kwamba nilikuwa nalijua.

Sitawachosha na kazi zote. Nitaitaja moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza kuogopa kwa niaba ya mtu mwingine. Katika hoteli moja ya Bungoma nilikuta mpishi ameingiza kijiti cha kiberiti kwenye swichi ya mlango ili maikrowevu ifanye kazi hata mlango ukiwa wazi. Alikuwa akikoroga mchuzi ndani huku ikizunguka. Akaniambia kwa fahari kwamba ameokoa muda. Nilimuuliza amekuwa akifanya hivyo tangu lini, akahesabu kwa vidole, na mimi nikawa navitazama vile vidole kimoja kimoja, nikitafuta alama. Nilikataa kumrudishia mashine hadi swichi ibadilishwe. Alininunia. Tangu siku hiyo nilikuwa nikitoka nyumbani kwa mteja napita tena kichwani kila kitu nilichokigusa, mara mbili, kabla ya kuwasha gari. Siku ninayotaka kuwasimulia niliwasha gari bila kupita.

Mwalimu Nasimiyu alikuwa mteja wangu wa Bungoma tangu enzi za Mzee Situma. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, mumewe alifariki, watoto wako mbali, na anakaa peke yake kwenye nyumba ya matofali yenye jiko dogo na pazia la maua dirishani. Ana mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limepasuliwa karibuni, na daktari alimkataza kabisa kuinamia moshi wa makaa. Maikrowevu yake ilikuwa na grili iliyokufa miaka mingi nyuma, na hakuwahi kutaka itengenezwe. Alipashia chai na ugali wa jana, juu yake akaweka kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Sasa hata kupasha ilikataa. Nilifungua nikakuta magnetroni, kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha, imekufa na kutu imekula sakafu chini ya sahani. Nikamwambia hii tusiitengeneze, tutafute nyingine.

Alitaka yenye grili inayofanya kazi, na alikuwa na sababu. Yeye na walimu wenzake watano waliostaafu hutembeleana kwa zamu, na mwenye zamu huchoma kuku. Alikuwa ameruka zamu mbili kwa sababu ya macho. Ya tatu ilikuwa Jumamosi ile, saa tisa mchana. "Wakija wakute nimewapikia mchele na maharagwe," aliniambia kwenye simu, "watajua nimekwisha."

Nilizunguka maduka matatu ya Kitale nikiwa na futi ya kupimia na sinia yake ya kuchomea. Wengi huanza na bei au rangi. Anzeni na mtumiaji. Muuzaji wa kwanza alinisifia moja ya kioo kitupu: "Mama, hii ni ya kugusa tu, kama simu." Mwalimu haoni namba za simu yake mwenyewe, na vitufe vya kugusa hufa mapema kwa mvuke na mafuta. Nilitaka vitufe viwili vya kuzungusha vinavyotoa mlio kila hatua, ili ahesabu kwa vidole. Nilitaka waya wa grili uliofichwa nyuma ya wavu, kwa kuwa ulio wazi hurukiwa na mafuta ya kuku na kushika moto. Nilibana kipande cha karatasi mlangoni nikakivuta, kwenye pembe zote nne. Mlango mzuri hukishika. Niliingiza sinia, nikazungusha sahani kwa mkono kuona kama itagonga ukuta. Nikainua pembe moja kupima uzito, maana nyepesi sana ina transfoma ya kubahatisha au bati la kopo.

Duka la tatu walikuwa nayo. Nilisoma kijitabu chake pale pale kaunta, na nilipofika kwenye nafasi ya hewa nilimsomea muuzaji kwa sauti, kama mtu anayetoa darasa: iachiwe shubiri moja juu, na kisiwekwe kitu chochote juu yake. Muuzaji alipiga miayo. Nilimwona mzembe.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Bungoma. Umeme ulikuwa umepotea tangu usiku. Nilipima rafu, nikaacha shubiri na zaidi juu, nikaiweka sawasawa isiyumbe, nikamfundisha vitufe: hatua sita kulia ni grili, dakika ishirini kila upande. Alirudia kwa vidole bila kukosea. Nilitaka kuiwasha grili tupu kwanza, kama kawaida, ichome mafuta ya kiwandani, lakini umeme haukurudi. Nilingoja zaidi ya saa moja. Kulikuwa na mteja katika mji wa Naitiri, mwenye duka la dawa, aliyekuwa ameshapiga simu mara mbili. Kwa hiyo nilimwambia Mwalimu kwamba umeme ukirudi, mara ya kwanza grili itatoa harufu na moshi kidogo, ni kawaida ya kitu kipya, asiogope.

"Siogopi moshi," akasema. "Nimekula moshi miaka arobaini."

Nikakusanya vifaa, nikafuta alama za vidole vyangu kwenye mlango, nikaaga.

Naitiri kazi ilikuwa ndogo, fyuzi na kusafisha feni ya maikrowevu. Mwenye duka alisimama karibu yangu akizungumza habari za mvua. Nilifunga skrubu ya mwisho, nikapima kwa kikombe cha maji, yakachemka. Akaniambia, "Na kitambaa changu, fundi." Nikakichukua, nikakitandaza, nikashusha pembe moja mbele katikati.

Nilibaki nimekishika hivyo hivyo. Vidole vyangu vilikumbuka kabla yangu. Vilikuwa vimefanya jambo hilo hilo asubuhi ile, Bungoma, baada ya kufuta mlango. Nilikiona kitambaa cheupe cha Mwalimu juu ya bati jipya, pembe ikining'inia, nadhifu kabisa. Nami nikakumbuka neno la mwisho nililomwambia kuhusu moshi.

Nilipiga simu yake. Haikupatikana. Umeme ulikuwa umepotea tangu usiku, simu ilikuwa haijachajiwa. Sikuwa na namba nyingine yoyote ya mtu wa pale. Nilikuwa nimeishika namba yake moja kwa miaka yote hiyo, na haikuwahi kunijia kwamba haitoshi. Nilimwacha mwenye duka bila kupokea malipo, naye alinifuata mpaka garini akiuliza kama ameniudhi.

Saa ilikuwa tano na nusu. Kwa macho yale, kuku wa saa tisa angeanza kumchoma saa sita, saa sita na nusu. Kutoka Naitiri hadi kwake ni zaidi ya saa moja ukienda vizuri. Nilipiga hesabu ile mara nyingi njiani, na kila mara ilikataa. Tumaini langu lilikuwa moja tu, kwamba umeme wa Bungoma haujarudi. Naitiri ulikuwepo, lakini laini ni nyingine. Sijawahi kuomba giza kama siku ile. Kila kituo cha biashara nilipunguza mwendo na kusikiliza. Mahali pamoja kinu cha posho kilikuwa kimya na wanawake wameketi kwenye magunia wakingoja. Nilitaka kushuka niwakumbatie. Baada ya Webuye niliona duka la kinyozi taa zimezima, nikapumua. Kisha karibu na mji, kando ya barabara, fundi wa kuchomelea mageti alikuwa ameinama na miwani yake myeusi, huku cheche zikimwagika.

Umeme ulikuwa umerudi. Sikujua ni dakika tano zilizopita au saa nzima.

Harufu niliikuta getini. Zilikuwa harufu mbili, kuku anayeiva na uzi unaoyeyuka, na anayejua ya pili hawezi kuichanganya na ya kwanza. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye stuli, hatua mbili kutoka kwenye maikrowevu, amevaa gauni lake la kanisani, mikono mapajani. Moshi ulikuwa umefika kwenye balbu. Nyuma ya maikrowevu, upande asioweza kuuona, kitambaa kilikuwa kimegeuka kahawia, kinadondoka matone meusi kwenye matundu ya hewa, na ulimi wa moto wenye urefu wa kidole ulikuwa ukitafuta pazia.

"Karibu, mayi," akasema, kwa jinsi wanavyomwita mwanamke kwa heshima huko kwao. "Ule moshi wako umekuja."

Nilizima swichi ya ukutani. Nilichukua mwiko wa ugali, nikakivuta kitambaa kwa mpini, nikakitumbukiza kwenye karai la maji ya vyombo, nikalirarua pazia kwenye waya wake. Maikrowevu yenyewe sikuimwagia maji; nanyi msije mkafanya hivyo. Kisha nikafungua dirisha na kumtoa nje. Tulipofika uani akanigeukia.

"Si uliniambia nisiogope?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyempa jibu tofauti na la jana. Nikamwambia kila kitu, kwamba kitambaa hakikupaswa kuwa pale, na kwamba nilikirudisha mimi.

"Nilitaka kukitoa," akasema. "Nilipoweka kuku nilikigusa, nikakiona kina joto. Nikasema, aa, si fundi ndiye amekiweka."

Hayo maneno ndiyo ninayoyasikia nikilala. Mengine nimeyasahau.

Kilibaki kitu kimoja cha kufanya. Matone yale yaliingia ndani au yaliishia nje? Nilingoja mashine ipoe, nikaileta barazani, nikatoa bisibisi, nikaweka mkono wa kushoto mfukoni. Bisibisi haikuingia kwenye skrubu. Ilizunguka juu yake kama nzi, ikigonga bati. Nilitulia, nikajaribu tena. Nikawaza kijiti cha resista kikitetemeka hivyo karibu na vichwa vya kapasita. Mwalimu, ambaye haoni vizuri lakini masikio yake ni mazima, akasema, "Fundi, mkono wako unagonga." Nikairudisha bisibisi mkobani. Sikumwambia kwamba ni mara ya kwanza.

Wageni walikuwa wanakuja saa tisa na kuku alikuwa ameiva upande mmoja. Niliwasha jiko la makaa uani, nikamweka Mwalimu mbali, upande usio na moshi, nikaliinamia mimi. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Sasa wewe fundi wa umeme unachoma kwa makaa." Walimu watano wakaja, wakala, na mmoja wao akasema hizi mashine za siku hizi zinachoma vizuri, nyama ina ladha ya makaa kabisa. Mwalimu akamwongezea paja.

Maikrowevu nilirudi nayo Kitale. Wekesa, wewe ndiye uliyeifungua Jumatatu, na nilipokuambia nina kazi kaunta ulishangaa kidogo. Ulinionyesha tone moja jeusi, gumu kama kucha, lililotua upana wa kidole kutoka kwenye waya wa transfoma. Ulisema, bahati. Ukalikwangua, ukaipima, ikawa nzima, tukamrudishia. Sikukuambia kwa nini sikuifungua mwenyewe. Sasa umejua.

Nilijaribu kwa miezi kadhaa baada ya hapo. Kwenye kikombe cha chai mikono ilikuwa imetulia, na kwenye skrubu za redio pia. Lakini kila nilipokaribia kapasita ilianza. Nilitafuta vitabu vya mishipa nikasoma, nikapimwa, hawakuona ugonjwa. Nimekaa na hofu maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kuiona kama adui; ndiyo iliyonifikisha hapa nikiwa na vidole kumi. Ila hofu ya fundi inapaswa kuwa kichwani. Yangu ilishuka mikononi, na huko haina kazi.

Kwenye droo ya tatu, juu ya bisibisi za minyota, mtakikuta kile kitambaa. Mwalimu alinipa mwenyewe, kimeoshwa na kupigwa pasi, nusu yake imebaki. Mteja akija kutafuta maikrowevu ya grili, kitoeni mkiweke mezani kabla ya kumtajia ukubwa, rangi wala aina. Muulizeni itakaa wapi na nini kitakaa juu yake. Msimwambie asiogope. Mwambieni ni nini cha kuogopa, na kina harufu gani. Na msiondoke kabla umeme haujarudi, hata kama Naitiri wanapiga simu.

Mwalimu Nasimiyu bado ana ile maikrowevu, na juu yake hakuna kitu. Hajaruka zamu tena. Kila anapotaka kuchoma hunipigia simu kwanza, simu iliyochajiwa. Husema, "Mayi, naiwasha. Juu nimepapasa, ni patupu." Namwambia sawa, Mwalimu. Baada ya hapo hatuzungumzi sana. Anaiweka simu karibu, nami nasikiliza feni yake ikizunguka kule Bungoma, dakika ishirini, anageuza, ishirini nyingine, mpaka kengele ilie. Mkono wa kulia unashika simu. Wa kushoto uko mfukoni.